Ulalo Ambao Sikuupima

Marehemu baba alipotuachia shamba chini ya Mlima Kwaraa mwaka 1991, Babati ilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha, nami nilikuwa mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya nani ashike kamba. Nilikata vipande viwili, kila kimoja mita 80 kwa 60. Changu kilikaa mstatili kando ya njia. Cha dada yangu kilipakana na changu, kisha kikalala upande kufuata korongo. Nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini nilijumlisha pande zinazotazamana, nikagawa kwa mbili, nikazidisha, na jibu likawa lile lile: mita za mraba 4,800 kwa kila mmoja. Wazee wakaridhika, tukanywa chai.

Kanuni ile sikuitunga mimi. Huko Misri, katika kuta za hekalu la Edfu, imechongwa orodha ya mashamba tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na maeneo yake yamekokotolewa kwa njia hiyo hiyo. Shamba likiwa la pembe tatu, upande wa nne ulihesabiwa kuwa si kitu, kazi ikaendelea. Kwa mstatili kanuni hiyo husema kweli. Kwa umbo jingine lolote la pembe nne hutoa eneo kubwa kuliko lililopo.

Sababu yake inajulikana kwa kila seremala. Fremu ya mlango yenye mbao nne, usipoipigilia ubao wa mshazari, huinama. Mbao ni zile zile, urefu ni ule ule, lakini nafasi ya ndani imepungua. Pembetatu haiinami. Heron wa Alexandria, aliyeishi karne ya kwanza, alikwisha kuonyesha namna ya kupata eneo la pembetatu kwa kujua pande zake tatu basi. Na ni kwa uthabiti huo huo nchi yetu ilivyopimwa. Mwaka 1879 David Gill alitoa wazo la mlolongo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata longitudo ya 30 mashariki. Sehemu iliyopita magharibi mwa Tanganyika ilipimwa kati ya 1931 na 1933, ikiongozwa na Martin Hotine wa jeshi la Uingereza. Hawakuburuta mnyororo nchi nzima. Walipima kwa uangalifu mistari michache ya msingi, kisha wakapanda kilima baada ya kilima wakisoma pembe kwa darubini.

Haya yote niliyafundisha kwa miaka mingi, wala sikuwahi kurudi shambani na kamba.

Mwaka 2016 tulikuwa tukitafuta hati, mpima akaweka mawe ya mipaka. Mpwa wangu, mtoto wa dada huyo huyo, alikuwa likizoni Babati. Kazi yake ni kuandika maktaba ya programu inayofunika sura ya ardhi kwa wavu wa pembetatu, ili mainjinia wakadirie maji yatakakopita. Alikuwa akitunga vipande vya kupimia: urefu wa ukingo, eneo la pembetatu, ujazo. Akachukua namba za mawe yetu ili ajaribie kazi yake.

Jibu la kwanza lilikuwa hasi. Alikuwa amezunguka kona kwa kufuata mwendo wa saa. Nikamwambia alama hiyo asiitupe, maana katika wavu ndiyo itakayomjulisha pembetatu iliyogeuzwa kifudifudi. Jibu la pili lilikuwa sifuri. La tatu, baada ya kugusa jambo dogo tu, likazidi nusu milioni ya mita za mraba! Tulikaa nalo jioni nzima. Katika mfumo wa ramani unaotumika huku, Ikweta hupewa namba 10,000,000, hivyo Babati iko karibu na 9,533,000 kwa upande wa kaskazini na 805,000 kwa upande wa mashariki. Alikuwa ametumia namba fupi za kompyuta, zinazoshika tarakimu kama saba. Katika ukubwa huo hatua ndogo kabisa ni mita moja nzima. Ukizidisha namba hizo mbili unafika trilioni saba na ushee, na huko hatua moja ni zaidi ya mita za mraba 500,000. Shamba la ekari moja litaonekana wapi? Dawa ni kutoa kwanza namba za kona moja katika kona zote, ndipo uzidishe. Njia ya Heron nayo ina ugonjwa wake: William Kahan wa Berkeley alionyesha kwamba kwa pembetatu nyembamba kama sindano hupoteza tarakimu, usipozipanga pande kwa ukubwa na kuandika kanuni upya.

Akarekebisha. Kipande changu: 4,800. Cha mama yake: 4,152.

"Mjomba," akasema, "bado ina kosa."

Ningeweza kunyamaza. Kusema kweli, kwa muda nilitamani liwe kosa la mashine. Nikachukua kalamu. Ulalo mfupi wa kipande kile ni mita 72. Pande 80, 60 na 72 kwa kanuni ya Heron hutoa 2,076, na mara mbili yake ni 4,152. Programu ilikuwa imepona.

Asubuhi nilikwenda kwa dada kabla ramani ya mpima haijatoka. Nikamweleza kwamba tofauti ni 648, nusu yake ni 324, na kwa mpaka wetu wa mita 60 yanipasa nisogee mita 5 na sentimita 40, kila mmoja apate 4,476. Alisikiliza akipeta mbaazi.

"Sawa, kaka," akasema. "Jiwe utalisogeza. Na mavuno ya miaka 25 je?"

Jiwe lilisogezwa wiki ile ile. Hesabu ya mavuno bado ninayo, kwenye daftari, na kila msimu wa mbaazi napeleka gunia.