Mtoto anayefungua redio na kazi ya uhalisia pepe

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba ndani ya redio wanaishi watu wadogo. Siku niliyoifungua kwa kisu ili niwaone, nilikuta nyaya, na jioni nikakutana na fimbo. Wasikilizaji wengi wa Shinyanga na Geita mna kisa kama hicho. Nimekikumbuka kwa sababu ipo kazi inayoanzia hapo hapo: kutengeneza uhalisia pepe, yaani miwani inayomfanya mtu ajione yuko mahali ambapo hayupo.

Siri yake unaweza kuijaribu sasa hivi. Funga jicho moja, kisha tia uzi kwenye sindano. Utahangaika, kwa kuwa kila jicho huona picha inayotofautiana kidogo na ya mwenzake, na ubongo hutumia tofauti hiyo kupima umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838. Miwani ya leo hulipa kila jicho picha yake, na vihisi vyake hufuata kichwa: ukigeuka, picha nayo inageuka.

Mmarekani Palmer Luckey, aliyezaliwa mwaka 1992, alikuwa akitengeneza simu mbovu na kuziuza. Fedha alinunulia miwani ya zamani ya aina hiyo, akaifungua kuona ilivyoundwa. Akiwa bado kijana aliunda ya kwake kwenye gereji ya wazazi. Mwaka 2014 Facebook iliinunua kampuni yake, Oculus, kwa dola bilioni 2. Fundi simu wa Kahama, umesikia?

Hata huku kwetu kazi hii ipo. Nairobi kuna BlackRhino VR, na Dar es Salaam vijana wa OnaStories wamesimulia habari kwa video unazoweza kuzitazama pande zote. Kwa sisi wa ukanda wa dhahabu kuna jambo la karibu zaidi. Kampuni ya Immersive Technologies ya Perth, Australia, iliyoanza mwaka 1993, huunda mashine za kufundishia madereva wa migodini. Mwanafunzi hukaa kwenye kibanda mfano wa lori, mbele yake skrini zinaonyesha shimo la mgodi. Lori linaweza kufeli breki mteremkoni mara 10 na asife mtu.

Shimo hilo la kwenye skrini huundwa na wachoraji na waandishi wa programu. Blender, programu ya kuchorea maumbo ya namna hiyo, ni ya bure, ila inataka kompyuta. Simu haitoshi, nisiwadanganye. Shuleni, mtoto asikimbie Hisabati na Fizikia. Nyumbani, redio iliyokufa mpe pamoja na bisibisi. Toa betri kwanza, na isiwe imechomekwa kwenye umeme.