Usiku wa Jumapili

Nina daftari la tarehe. Kila ukurasa ni siku moja ya mwaka, na ndani yake naandika mambo ya muziki yaliyotokea siku hiyo: nani alizaliwa, nani alikufa, wimbo gani ulirekodiwa. Nililianza nikiwa nasoma shahada ya kwanza, zaidi kwa ajili ya kuringia kwenye makundi ya WhatsApp. Nilipoingia shahada ya uzamili ya historia nikaligeuza kuwa zana ya kazi. Angalau ndivyo nilivyojidanganya.

Ukurasa nilioupenda kuliko yote ni wa 11 Februari. Mwaka 1963, siku hiyo, The Beatles waliingia studio za EMI jijini London saa nne asubuhi, na ilipofika karibu na saa tano usiku walikuwa wamerekodi nyimbo kumi za santuri yao ya kwanza, *Please Please Me*. Waliiacha "Twist and Shout" mpaka mwisho kwa kuwa ingemaliza koo la John Lennon, ambaye tayari alikuwa na mafua. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, wakapiga onyesho lao la kwanza Marekani, mjini Washington. Mwaka 2001 akafariki Fadhili William, Mtaita aliyeipeleka "Malaika" kwenye santuri. Mwaka 2012, Whitney Houston.

Fadhili na Whitney, siku moja! Hapo ndipo nilipokuwa naweka alama ya mshangao. Maana "Malaika" nayo ilifika mbali: Miriam Makeba na Harry Belafonte waliiimba kwenye santuri yao ya 1965 iliyopata tuzo ya Grammy, na Boney M wakaja kuirudia. Ugomvi wa nani hasa aliyeitunga, Fadhili au Mtanzania Adam Salim au mwingine, haujazimika hadi leo. Ugomvi huo nao ni wa tarehe: nani aliimba kwanza, mwaka gani, na karatasi iko wapi.

Likizo iliyopita nililibeba daftari hilo kwenda Kilwa kwa bibi yangu. Utafiti wangu unahusu bendi za dansi za miaka ya hamsini na sitini zilizobeba majina ya mikoani huku zikipiga Dar es Salaam: Rufiji Jazz, Ulanga Jazz, Western Jazz, na ile iliyonifanya nichague mada, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Muhidin Gurumo alipitia humo kabla ya kwenda NUTA Jazz mwaka 1964. Ukitaka kujua kwa nini bendi ya Kilwa iwe Dar, kumbuka barabara. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakishika, Kilwa inakuwa kama kisiwa kingine. Kijana wa huku akishafika mjini harudi kila mwezi. Anatafuta watu wa kwao, na jina la kwao linawekwa kwenye ngoma.

Msimamizi wangu alikuwa ameandika pembeni ya rasimu yangu: "Masimulizi bila tarehe si ushahidi." Maneno hayo yaliniuma, lakini sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta tarehe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko chuoni mnakula vitabu?"

Bibi anaishi Kivinje, nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Julai 1943. Nusu ya wazee wa mtaa wake walizaliwa 1 Julai. Ndiyo tarehe ambayo karani humpa mtu asiye na karatasi, na yeye huicheka kila ikitajwa.

Kwanza nilimsomea ukurasa wangu wa 11 Februari, nikitarajia ashangae. Akasikiliza, kisha akauliza, "Mwezi gani huo?"

"Februari, bibi."

"Februari ya Wazungu. Mwezi gani?"

Kwa hesabu ya pwani, miezi hufuatwa kutoka Ramadhani: Mfungo Mosi ukishaandama tumekula Idi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hadi Mfungo Sita ambao ni wa Maulidi, na kuendelea. Nikafungua programu ya kubadilisha tarehe kwenye simu. Fadhili William alifariki katikati ya Mfungo Pili. Whitney Houston alifariki Mfungo Sita, wiki moja hivi baada ya Maulidi.

"Basi si siku moja," bibi akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nilitaka kubisha, ila nikazidi kuharibikiwa. Whitney alitangazwa amefariki huko California saa kumi kasoro dakika tano alasiri. Kwetu ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano usiku, tayari tumeingia 12 Februari. Nao Beatles, wanaosifiwa kwa kurekodi nyimbo kumi "ndani ya siku moja", kwa bibi walitumia mbili, kwa kuwa siku ya pwani huanza jua likizama. Ile ya 1963 ilikuwa Jumatatu. Magharibi ilipoingia ikawa usiku wa Jumanne. Tena ilikuwa katikati ya Ramadhani. Wakati Lennon anapasua koo lake London, Kivinje ngoma zilikuwa zimetundikwa hadi Idi.

Jambo hili la magharibi nilikuwa nalijua tangu utotoni, kama kila mtoto wa pwani, lakini sikuwahi kuliingiza kwenye daftari. Historia ya Kilwa yenye tarehe kamili kwa kiasi kikubwa imeandikwa na waliokuja kwa jahazi na merikebu. Wareno wa Francisco de Almeida waliuvamia mji Julai 1505, na tunaijua wiki yenyewe kwa sababu merikebu ina kitabu cha safari. Mpiga ngoma hana kitabu cha safari.

Siku ya tatu ndipo nilipomuuliza lile nililojia. Lini aliliona gitaa la dansi kwa mara ya kwanza? Kwanza alikwepa. Kisha akasema ilikuwa ndiyo siku aliyomwona babu.

Nikashika kalamu. "Mwaka gani, bibi?"

"Uhuru bado. Lakini Uhuru ulinikuta nyumbani kwake, nimeshaolewa. Mwaka huohuo."

"Mwezi?"

"Kusi. Mfungo Sita. Maulidi ya msikitini imeshasomwa, siku tatu nne. Mama yangu alisema, mmemaliza kumsifu Mtume mnakimbilia magitaa."

"Siku?"

"Usiku wa Jumapili. Tulirudi kwa miguu ufukweni, na mwezi mpevu, mchanga mweupe kama unga. Nilikuwa nakiona kivuli chake kinanifuata, nikajifanya sikioni."

Alizungumza bila kuinua macho kwenye ungo. Mimi nilikuwa natetemeka, na si kwa sababu ya babu. Uhuru ni 9 Desemba 1961. Maulidi ya mwaka huo iliangukia 23 au 24 Agosti, kutegemea nani aliuona mwezi. Siku tatu nne baadaye, mwezi umekamilika. Usiku wa Jumapili ni ule ambao kalenda ya ukutani huuita Jumamosi usiku. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka 9 Desemba, ambayo nayo ilikuwa Jumamosi, wiki kumi na tano kamili: 26 Agosti 1961. Mwanamke ambaye serikali haijui siku yake ya kuzaliwa alikuwa amenipa usiku mmoja, bila karatasi, miaka zaidi ya sitini baadaye.

"Na bendi, bibi? Bendi gani ilipiga?"

"Vijana wa magitaa."

"Kilwa Jazz?"

"Vijana wa magitaa kutoka mjini. Wanne. Mmoja ana tarumbeta."

Nilimzungushia swali hilo kwa namna tano. Nilimtajia Kipande. Nilimchezea rekodi za zamani kwenye simu. Akatikisa kichwa kwa kufuata mdundo, akasema ni nzuri, lakini hakusema ndiyo. Ningeweza kumsukuma hadi aseme, maana bibi hapendi kuniona nimenuna, na ndiyo hiyo ingekuwa nimeiba ushahidi. Kwa hiyo tasnifu yangu ina tarehe isiyo na bendi. Kwenye mafaili mengine yote nina bendi zisizo na tarehe.

Nilimwandikia msimamizi ukurasa mmoja na nusu kueleza hesabu yenyewe: Maulidi, kusi, mbalamwezi, usiku wa Jumapili. Bado hajajibu.

Jioni ya mwisho nililifungua daftari nimwandikie bibi usiku wake. Kwenye ukurasa wa 26 Agosti kulikuwa na mstari mmoja tu, Jimi Hendrix akizindua studio zake za Electric Lady jijini New York mwaka 1970. Kalamu ikasita. Nikamuuliza bibi, magitaa yalianza kabla ya magharibi au baada?

"Baada ya isha, mtoto we. Nani atacheza dansi mchana na jua hili?"

Nikageuza ukurasa. Tarehe 27 Agosti ilikuwa na Brian Epstein, meneja wa Beatles, aliyekutwa amekufa nyumbani kwake London mwaka 1967. Chini yake nikaandika: 1961, Kilwa Kivinje, vijana wanne wa magitaa, mmoja ana tarumbeta.