Mwendo wa Kuzungumza: Auckland na Asili ya Kasi ya Mkimbiaji Anayeanza

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kasi ya mkimbiaji ilikuwa jambo la saa na la uwanja wenye mistari, wala haikumhusu mtu wa kawaida aliyetaka kuanza kukimbia. Paavo Nurmi wa Finland, aliyetwaa medali 9 za dhahabu za Olimpiki kati ya 1920 na 1928, alizoea kukimbia ameshika saa mkononi ili kila mzunguko ulingane na uliotangulia. Na katika miaka ya 1930 kocha Woldemar Gerschler wa Ujerumani, akishirikiana na daktari wa moyo Herbert Reindell, alijenga mfumo wa mazoezi ya vipindi, ambamo mkimbiaji hukimbia masafa mafupi kwa nguvu mpaka mapigo ya moyo yakaribie 180 kwa dakika, kisha hupumzika hadi yashuke kufikia 120 kabla ya kuanza tena. Mfumo huo ulimfikisha Rudolf Harbig kwenye rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939, lakini ulitungwa kwa ajili ya mkimbiaji aliyekwisha kuiva. Mtu mzima wa ofisini au kiwandani, ambaye hakuwa amekimbia tangu aache shule, hakuwekewa kipimo chochote. Alipojaribu alikimbia kwa kasi yake yote, kama alivyofanya utotoni, na baada ya dakika chache pumzi ikamwishia, akaamini kwamba mbio hazikuumbwa kwa ajili yake.

Jawabu halikutoka maabara. Arthur Lydiard (1917–2004), aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini Auckland, New Zealand, alijiona kuwa mtu mwenye siha mpaka siku alipokimbia kilomita 8 na mwanariadha aliyemzidi umri, akabaki hoi. Kuanzia hapo, kwa miaka kadhaa ya miongo ya 1940 na 1950, aliufanya mwili wake mwenyewe uwanja wa majaribio: baadhi ya wiki alikimbia masafa makubwa mno, nyingine mafupi mno, mara kwa haraka, mara polepole, hadi akaridhika kwamba takriban kilomita 160 kwa wiki, nyingi zikiwa za mwendo usiomvunja mtu, ndizo zilizojenga msingi imara kuliko mazoezi ya kasi peke yake. Vijana wa kitongoji chake cha Owairaka na cha jirani walimfuata, na kila Jumapili walipanda vilima vya Waitakere katika njia ya Waiatarua, yenye urefu wa kilomita 35 hivi. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, wawili kati yao, Peter Snell wa mita 800 na Murray Halberg wa mita 5,000, walishinda dhahabu katika muda usiozidi saa chache. Kwamba bingwa wa mizunguko miwili ya uwanja alikuwa amelelewa kwa mbio ndefu za vilimani ni jambo lililowakera makocha wengi wa wakati ule, na pengine ndiyo sababu lilichelewa kukubaliwa.

Hata hivyo, kwa historia ya mkimbiaji anayeanza, mwaka mzito zaidi ni 1962, ilipoanzishwa klabu ya wakimbiaji wa polepole ya Auckland. Wanachama wake hawakuwa vijana wa mashindano, bali watu wa makamo, na miongoni mwao walikuwamo waliowahi kupatwa na shtuko la moyo, katika zama ambazo madaktari wengi waliwaamuru wagonjwa wa namna hiyo kulala kitandani kwa wiki nyingi. Kwa watu hao swali la kasi lilikuwa swali la uhai, na sheria aliyowawekea Lydiard ilikuwa nyepesi kuikumbuka: mkimbiaji aende kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza na mwenzake, na akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Pamoja na sheria hiyo kulikuwa na mbinu ya kwenda na kurudi, ambayo haijasifiwa inavyostahili. Anayeanza hukimbia kwa dakika chache kuelekea upande mmoja, kisha hugeuka na kurudi alikotoka. Akitumia muda mrefu zaidi kurudi kuliko aliotumia kwenda, basi alianza kwa haraka kupita uwezo wake, na kesho yake atapunguza. Mbinu hiyo ilikuwa na faida nyingine kwa kundi la watu wasiolingana: wote wakigeuka kwa wakati mmoja, mwepesi aliyefika mbali na mzito aliyebaki nyuma hurejea mwanzoni karibu pamoja, na hakuna anayelazimika kumkimbiza mwenzake.

Habari hizo zilivuka bahari kupitia Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, aliyezuru New Zealand na wanariadha wake. Bowerman, aliyekuwa na umri wa miaka 51, alialikwa kukimbia na wanaklabu, na alijikuta akiachwa nyuma na wengi wao, huku mzee aliyepita miaka 70, mgonjwa wa moyo, akipunguza mwendo ili asimwache peke yake. Aliporejea Eugene, mji wa chuo chake, mwaka 1963 aliwaita wakazi wa mji waje kukimbia polepole. Idadi yao ilipoongezeka haraka, aliingiwa na hofu kwamba mtu angeweza kufa katika mazoezi, akaomba msaada wa daktari wa moyo W. E. Harris. Kitabu chao kidogo cha mwaka 1967, kilichowafundisha wanaoanza kuchanganya kutembea na kukimbia kwa kupokezana, kilinunuliwa na watu wengi mno nchini Marekani.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyepitia mchakamchaka wa shuleni au wa Jeshi la Kujenga Taifa ataitambua kanuni hii ya mwendo wa kuzungumza, ingawa ilimfikia kwa njia nyingine kabisa: kundi linaloitikia wimbo haliwezi kwenda kasi kuliko pumzi ya waitikiaji wake.

Sayansi ilikuja baadaye kueleza kilichokuwa kikifanyika. Mwili unapofanya kazi kwa kiasi, oksijeni inayovutwa hutosheleza mahitaji ya misuli; kazi ikizidi, misuli huzalisha asidi ya laktiki kwa haraka kuliko inavyoweza kuondolewa, na mapafu hulazimika kutoa hewa ukaa nyingi zaidi, hivyo kupumua huenda mbio ghafla na maneno hukatika. Mwanasaikolojia Gunnar Borg wa Sweden alitunga kipimo cha kuanzia 6 hadi 20 ambacho kwacho mtu hujitajia ugumu anaouhisi, na namba hizo zilichaguliwa ili zikizidishwa kwa 10 zikaribiane na mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Polar ya Finland iliuza vifaa vya kuvaliwa vilivyopima mapigo hayo bila waya, na kutoka hapo mkimbiaji anayeanza akapewa namba badala ya mazungumzo. Kwa kawaida namba hiyo hukokotolewa kutokana na kiwango cha juu cha mapigo, kinachokadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: ni wastani wa watu wengi, na kwa mtu mmoja unaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, kiasi cha kutosha kumsukuma mgeni wa mbio kwenye kasi asiyoimudu huku kifaa chake kikimwonyesha kwamba yuko salama. Ndiyo maana miongozo mingi ya sasa, baada ya majedwali yake yote, humwagiza bado anayeanza ajaribu kusema sentensi nzima.