Milango ya Kesi: Tuliyojifunza Kapenguria

Watoto wetu waliozaliwa Dubai wanaijua Desemba 12 kwa bendera, chapati na nyimbo. Wengi hawajui kwamba njia ya kufikia siku hiyo ilipitia mahakamani. Wazazi, wasimulieni kesi ya Kapenguria. Inaonyesha milango ambayo kila kesi ya jinai hupitia, na jinsi kila mlango unavyoweza kupindwa.

Mlango wa kwanza ni kukamatwa. Oktoba 20, 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari, na usiku huo Jomo Kenyatta akakamatwa. Walioshtakiwa pamoja naye ni Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko. Shtaka lilikuwa kuongoza Mau Mau, iliyopigwa marufuku mwaka 1950.

Mlango wa pili ni mahakama. Kesi haikusikizwa Nairobi bali Kapenguria, mbali na wananchi, katika chumba cha shule. Mawakili, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale. Hakimu Ransley Thacker alikuwa jaji mstaafu aliyeitwa kwa kazi hiyo, na serikali ikamlipa pauni 20,000. Mkalimani Louis Leakey alijiondoa baada ya utetezi kumpinga.

Mlango wa tatu ni ushahidi. Rawson Macharia alidai alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Aprili 8, 1953 wote sita walipatikana na hatia, wakafungwa miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo na ulinunuliwa. Akashtakiwa, si kwa maneno ya Kapenguria, bali kwa kiapo hicho kipya, akafungwa.

Mlango wa nne ni rufaa. Mwaka 1953 Mahakama Kuu ilikubali kwamba Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi mahali pale. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo. Januari 1954 Oneko alishinda rufaa yake, lakini hakurudi nyumbani. Alizuiliwa bila kesi hadi 1961. Wenzake watano walishindwa, na mahakama ya mwisho ya himaya kule London ikakataa kuwasikiza.

Katika kazi yangu ya uuguzi, mgonjwa hukabidhiwa kutoka zamu hadi zamu. Anayempokea humkagua upya. Hanakili tu alichoandika mwenzake. Kesi nayo ni hivyo. Kapenguria milango yote ilikuwepo, ila waliokaa mlangoni hawakukagua.

Ndiyo maana Katiba yetu ya 2010 iliandika mambo haya waziwazi: anayekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe, apewe mkalimani bila malipo asipoelewa lugha ya mahakama, na akipatikana na hatia awe na haki ya kukata rufaa.

Sisi tunaofanya kazi hapa Dubai Airport Freezone tusidanganywe na neno "huru". Kanuni za leseni na kampuni ni za eneo hili, lakini sheria ya jinai ni ya nchi nzima. Kesi huanzia polisi, huenda kwa waendesha mashtaka wa umma, kisha mahakama ya mwanzo, ya rufaa, na ya juu kabisa iitwayo Tamyiz. Lugha ya mahakama ni Kiarabu. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiitwa, omba mkalimani, omba ubalozi wetu ujulishwe, na usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Desemba 12, 1963 bendera yetu ilipanda. Tunapoitazama mwaka huu, tuwaambie watoto kwamba uhuru ni pamoja na mtu kusikizwa kwa haki, hata yule tusiyempenda.

Heri ya Jamhuri!