Kinga Hufuata Daftari: Virusi vya HPV, Chanjo na Uchunguzi wa Mlango wa Kizazi katika Eneo la Kariakoo

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani chache ambazo chanzo chake kinajulikana, ukuaji wake ni wa polepole kiasi cha kuweza kukatizwa njiani, na kinga yake imekwisha kupatikana. Hata hivyo nchini Tanzania ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake, na makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wanawake hawana elimu ya kutosha kuhusu ugonjwa huu. Makala haya yanashikilia kwamba maelezo hayo yanamtwisha mwanamke mzigo usio wake, na kwamba katikati ya jiji la Dar es Salaam, hususan Kariakoo, jambo lenye uzito zaidi ni namna huduma inavyomtafuta mtu: kinga humfikia yule ambaye jina lake limo katika daftari la shule au la kliniki, na humpita yule ambaye siku yake yote inaishia nyuma ya meza ya biashara.

Chanzo cha ugonjwa ni virusi vya papiloma vya binadamu, vinavyojulikana kwa kifupi HPV. Aina zake zinazidi 200, na takribani 14 kati ya hizo huhesabiwa kuwa za hatari kwa kuwa zinaweza kuzaa saratani. Aina ya 16 na ya 18, ambazo Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walizitambua katika vinyama vya saratani mwaka 1983 na 1984, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2008, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii duniani. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi ya sehemu za siri, kwa hiyo kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, na vimeenea kiasi kwamba wengi wa wanaojamiiana huvipata wakati fulani maishani. Kwa walio wengi, kinga ya mwili huvifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mwenyewe kujua. Kwa wachache hukaa, na protini zake mbili, E6 na E7, huzizima protini za seli ambazo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo, na hapo ndipo seli za mlango wa kizazi, yaani sehemu nyembamba ya chini ya mji wa mimba inayofungukia ukeni, huanza kubadilika. Safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga imara, na huweza kufupika hadi miaka 5 au 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na VVU bila matibabu. Muda huo mrefu ndio mtaji wa kinga yote, kwa maana mwanamke anayepimwa hata mara mbili tu katika umri unaofaa ana nafasi kubwa ya kukutwa na mabadiliko ambayo bado hayajawa saratani.

Kabla ya kufika kwenye chanjo, inafaa kusimama kidogo kwenye jina la ugonjwa, kwani hapo lugha imefanya kazi ambayo waandaaji wa kampeni hawakuikusudia. Neno kizazi katika Kiswahili lina maana ya mji wa mimba na pia ya uzao, na katika mazungumzo ya kila siku husikika zaidi katika maneno mawili ya kutisha: kutolewa kizazi na kufungwa kizazi. Chanjo inayotajwa kwa jina refu la saratani ya mlango wa kizazi, jina likikatwa mdomoni kama majina marefu yanavyokatwa, hubaki kuwa chanjo ya kizazi, na uvumi kwamba inawafanya wasichana wawe tasa hupata mahali pa kushika. Kifupi cha HPV nacho, kwa sikio la mpita njia, kiko karibu mno na HIV. Hofu ya wazazi, basi, si ujinga mtupu. Ina mantiki yake ndani ya maneno, na haiondoki kwa kurudia tu kwamba chanjo ni salama, ingawa ni kweli kwamba ni salama na kwamba haina virusi vyenyewe bali magamba matupu ya protini yanayoufundisha mwili kuvitambua.

Baada ya majaribio yaliyoanza Kilimanjaro mwaka 2014, na miaka 7 baada ya Rwanda kutangulia barani Afrika kuwa na mpango wa kitaifa, Tanzania iliingiza chanjo hii katika ratiba ya nchi nzima mwezi Aprili 2018, ikizinduliwa jijini Dar es Salaam na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Waliolengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili zilizopishana miezi 6. Mwezi Aprili 2024 utaratibu ulibadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ushahidi uliowezesha badiliko hilo ulitoka kwa sehemu kubwa Afrika Mashariki yenyewe, jambo ambalo halisemwi vya kutosha: jaribio la Mwanza lililowahusisha wasichana 930 lilionesha kwamba dozi moja huamsha kingamwili zinazodumu, na jaribio la Kenya lililowahusisha wanawake vijana 2,275 lilionesha kwamba dozi hiyo moja huzuia kwa kiwango kikubwa sana maambukizi mapya ya kudumu.

Chombo kilichoibeba chanjo ni daftari la mahudhurio ya darasa. Mhudumu hufika shuleni, mwalimu huita majina, na anayekosekana leo hujulikana na hutafutwa kesho. Ubora wa njia hii ndio pia mpaka wake, kwa sababu Kariakoo na mitaa inayoizunguka, kuanzia Gerezani hadi Ilala, ina wasichana wengi wa umri huohuo wasio katika daftari lolote: dada wa kazi waliotoka mikoani, na mabinti wanaowashikia mama zao biashara. Kampeni huwataja kama wasichana walio nje ya shule, maneno yanayoeleza mahali wasipokuwepo bila kusema walipo.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwa mama zao na dada zao wakubwa. Wasichana wa kwanza waliochanjwa mwaka 2018 walizaliwa mwaka 2004 na watafikisha miaka 30 mwaka 2034. Aliyekuwa na miaka 15 siku ya uzinduzi alipitwa kwa mwaka mmoja tu, na atafikisha miaka 50 mwaka 2053. Kwa hiyo wanawake wanaouza leo vitenge mtaa wa Kongo, wanaopika chakula karibu na Msimbazi na wanaofungua maduka ya jumla saa 12 asubuhi, karibu wote wamo katika vizazi ambavyo chanjo haikuvikuta. Kwao kinga ni uchunguzi, na furaha ya kampeni za chanjo isifiche ukweli huo.

Uchunguzi unaotumika zaidi nchini ni wa kupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki iliyozimuliwa, ambayo kimsingi ni siki ileile ya kachumbari, kisha kutazama kwa macho: sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto. Njia hii ilishinda ile ya kukwangua seli na kuzisoma kwa hadubini, iliyoasisiwa na George Papanicolaou, kwa sababu haihitaji mtaalamu wa maabara wala majibu ya baada ya wiki kadhaa. Udhaifu wake ni kwamba inategemea jicho la anayetazama, na kwamba kadiri mwanamke anavyokaribia miaka 50 eneo linalopaswa kuonekana hurudi ndani.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya enzi za Wajerumani, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha tibamionzi nchini, haiko mbali na soko la Kariakoo hata kwa mtu anayetembea kwa miguu. Kama umbali na ujinga ndivyo vingekuwa sababu, wanawake wa soko hilo wangekuwa wa kwanza kupimwa katika nchi nzima. Lakini kwa mfanyabiashara ndogondogo, asubuhi ya kliniki ndiyo asubuhi ya mauzo. Kufunga meza ni kupoteza pato la siku, pengine na meza yenyewe, na mwajiriwa wa dukani hana hata uwezo wa kuamua kufunga. Isitoshe, mara nyingi anaishi pembezoni mwa jiji, Mbagala au Gongo la Mboto, huondoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwake hamkuti nyumbani, na wa Ilala hamhesabu kuwa mkazi wake.

Linganisha hali hiyo na ya mwanamke anayeishi na VVU. Hatari yake ya kupata saratani hii ni takribani mara 6 ya mwenzake, lakini kliniki ya tiba na matunzo ina kadi yake, ina tarehe yake ya kurudi, na uchunguzi wa mlango wa kizazi umeunganishwa na huduma hiyo. Nafasi yake ya kupimwa inatokana na kuandikwa jina. Wala haiwezi kusemwa kwamba wafanyabiashara wa soko hawaandikiki: mwezi Desemba 2018, miezi 8 tu baada ya chanjo kuzinduliwa, Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na dola ikawapata mezani kwao.

Njia ya kupima vinasaba vya HPV, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 kuwa ya kwanza, inafungua mlango ambao siki haikuweza kuufungua, kwa kuwa mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti chenye pamba, faraghani, kwa dakika chache, bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu. Kinachohitajika sokoni ni mahali safi penye mlango unaofungwa, si chumba cha upasuaji. Utaratibu wa kuwafikia wanawake nao upo tayari, ingawa si wa hospitali: ni upatu, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Kijumbe wa mchezo anajua nani ni zamu yake, nani hajaonekana wiki hii na namba ya simu ya kila mmoja, na wachezaji wana mazoea ya kuangaliziana meza. Daftari la kijumbe ni kamili kuliko rejesta nyingi za serikali, na mpango wa uchunguzi utakaolipuuza utaishia kuweka mahema siku ya maadhimisho na kuyang'oa kesho yake.

Kiungo dhaifu kitabaki kuwa majibu. Aliyekutwa na virusi lazima arudi kutazamwa na, ikibidi, kutibiwa, na habari humfikia kwa simu ambayo huenda mumewe huishika. Ujumbe unaosema kwamba ana virusi vya HPV, bila neno zaidi, unaweza kuvunja ndoa kabla haujaokoa uhai, kwa sababu utasomwa kama VVU au kama ushahidi wa uzinzi, ilhali virusi hivi hukaa mwilini miaka mingi bila dalili na haviwezi kuonesha viliingia lini wala kwa nani. Sentensi fupi ya Kiswahili inayomwambia mwanamke arudi kliniki, isimtishe, isimfedheheshe, na isimdanganye, inastahili kuandikwa na kujaribiwa kwa wanawake wenyewe kabla ya kijiti cha kwanza kugawiwa sokoni.