Palermo: Watawala Walipita, Vikaango Vikabaki

Mwaka 827 majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalitua Mazara, kusini magharibi mwa kisiwa cha Sicily. Mwaka 831 yaliuteka mji wa Palermo, na Waislamu wakautawala hadi Wanormani walipouchukua mwaka 1072. Baadaye walipita Wajerumani, Wafaransa na Wahispania, mpaka jenerali Mwitaliano Garibaldi alipoingia mwaka 1860 na kisiwa kikawa sehemu ya Italia.

Enzi ya Waislamu ndiyo iliyostawisha malimau, miwa na kilimo cha umwagiliaji. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemwandikia mfalme wa Kinormani Roger II kitabu kilichokamilika mwaka 1154, anaeleza kuwa Trabia, karibu na Palermo, ilitengeneza tambi nyingi zilizosafirishwa kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hichohicho kinaitaja miji ya pwani yetu, Malindi na Mombasa.

Mapishi ya Palermo yanaonekana vizuri zaidi katika soko la Ballarò. Mpishi husonga unga wa dengu kwa maji na chumvi hadi ushikamane kama ugali, huutandaza upoe, huukata vipande vyembamba na kuvitosa kwenye mafuta ya moto. Hizo ndizo panelle. Huwekwa ndani ya mkate wenye ufuta, hukamuliwa limau, na mteja hula akiwa amesimama.

Mlo mwingine ni pani ca meusa, yaani mkate wenye bandama na mapafu ya ndama. Inasimuliwa kuwa ulianzishwa na wachinjaji wa Kiyahudi ambao, kwa kuwa dini haikuwaruhusu kulipwa fedha kwa kuchinja, walipewa viungo vya ndani wakaviuza. Amri ya mwaka 1492 iliwafukuza Wayahudi kisiwani, lakini mlo ulibaki.

Mkahawa maarufu kwa mlo huo, Antica Focacceria San Francesco, ulifunguliwa mwaka 1834. Katika miaka ya 2000 mmiliki wake, Vincenzo Conticello, alikataa kulipa fedha ambazo mafia huwatoza wafanyabiashara, akasimama mahakamani kuwatambua waliomdai. Katika mji ambao wengi walilipa kimyakimya, hilo halikuwa jambo dogo.

Ufukwe wa Mondello, pembeni mwa Palermo, una historia fupi zaidi. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, bonde hilo lililo kati ya milima ya Pellegrino na Gallo lilikuwa kinamasi chenye malaria, na wakazi wake walikuwa wavuvi wa jodari. Baada ya maji kutolewa, kampuni ya Waitaliano na Wabelgiji ilipewa haki ya kuliendeleza. Mwaka 1913 lilifunguliwa jumba la kuogea lililosimama juu ya nguzo baharini, na matajiri wakajenga nyumba zao pembeni. Leo kila mtu huja kuogelea, ingawa vibanda vya kukodi mchangani vimezua ubishi wa muda mrefu kuhusu ufukwe ni wa nani.

Ukijaliwa kufika, anzia sokoni asubuhi, uende baharini mchana. Asiyekula nguruwe achague panelle, na hata hizo aulizie mafuta kwanza: bandama ya Palermo, kwa desturi, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.