Bembea Hii Imetoka Wapi?

Ndoano imekazwa kwenye boriti, kamba mbili zimeteremka, na mwishoni mwake umening'inia mto mnene kama gogo. Nuru, mwenye miaka sita, ameupanda kama apandaye punda. Mkono wa kulia umekamata kamba. Wa kushoto umejikunja kifuani, ngumi imefumbwa. Mtaalamu wa tiba kazi anamsukuma polepole. Mama yake, kwenye benchi, anakunja na kukunjua kanga. "Dokta, huu mguu utanyooka kwa kubembea?" Mtaalamu anatabasamu. "Mama Nuru, bembea si ya mguu. Ni ya hisi." Mimi nilikuwa nimekuja Dar es Salaam kuandika habari nyingine kabisa, lakini jibu lile likanikaa kichwani kama mwiba: bembea ya hisi imefikaje kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo?

Mtaalamu alinipa maelezo aliyoyapata chuoni. Mama mmoja wa California alikuwa akiwatibu watoto kama Nuru. Akagundua kwamba ubongo wao haupangi sawasawa taarifa za mguso, za mizani na za misuli, ndipo akabuni tiba ya kuunganisha hisi. "Ni ya watoto wetu hawa tangu mwanzo," alisema, akanipa kitini chake. Kilikuwa kivuli cha kivuli, kurasa za mbele zimeng'oka, hakina mwandishi wala mwaka. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na mchoro wa bembea ileile. Mchoro usio na tarehe unathibitisha nini?

Nikaamua kuanzia mbali. Mwaka 1861, huko London, daktari mmoja wa upasuaji aliwasomea madaktari wenzake wa uzazi maelezo ya watoto waliozaliwa kwa shida, au kabla ya siku zao, kisha wakakakamaa viungo. Alimtaja hata Richard III, yule mfalme wa tamthilia ya Shakespeare, kuwa mfano wake! Kwa miaka mingi maradhi yenyewe yaliitwa kwa jina la daktari huyo. Nilitafuta hisi katika habari zake, nikakuta misuli na kano. Halafu nikasoma kwamba mguu wake mwenyewe ulipinda tangu utotoni, ukanyooshwa mwaka 1836 kwa kukatwa kano, Hannover, Ujerumani. Aliyeponywa na kisu angetazama nini kwanza kwa mgonjwa wake?

Kabla ya kufika California nikapotelea Philadelphia. Mstaafu mmoja wa fani hii aliniapia kwamba chanzo ni huko, ambako miaka ya 1960 watu wazima kadhaa walimzunguka mtoto mezani na kumsogezasogeza kichwa, mikono na miguu kwa mpangilio wa kutambaa, kila siku, tena na tena. Njia ile ilibishaniwa sana. Nilipoteza siku nne nikiifuata. Siyo yenyewe: kule mtoto alifanyiwa, ilhali kwenye bembea mtoto anatakiwa afanye mwenyewe. Ikiwa wakongwe wanazichanganya njia hizi mbili, mzazi atazitenganishaje?

California ilinipa mengi zaidi, na ikanivuruga zaidi. Yule mama mwanzilishi wa tiba ya kuunganisha hisi alizaliwa mwaka 1920, Visalia, akakulia shambani. Ni kweli kwamba mapema katika kazi yake alihudumia wagonjwa wa mtindio wa ubongo, na mwaka 1954 na 1955 alikuwa akiandika juu ya mkono, na juu ya taarifa ambazo misuli na maungio huupelekea ubongo. Hadi hapo kitini kinasema kweli. Lakini kitabu chake kikuu, kilichotoka mwaka 1972, jina lake lenyewe linatamka kwamba kinahusu matatizo ya kujifunza. Watoto wake ni wale wanaotembea na kusema, ila wanajikwaa pasipo kitu, herufi zinawapinduka, na wengine hawavumilii kuguswa. Nadharia ilijengwa juu ya hao, si juu ya mtoto ambaye ubongo wake una jeraha la wazi. Basi watoto wa aina ya Nuru walimfunza kazi, kisha wakabaki nje ya kitabu?

Nikarudi nyuma kidogo, na hapo nikapata kilichonishtua. Mwaka huohuo wa 1954 jarida moja la madaktari wa Marekani lilichapisha makala kuhusu watoto waliopooza upande mmoja: wengi wao walikuwa na kasoro ya hisi pia, si ya mwendo tu. Nikarudi kwa mtaalamu nikamwomba anionyeshe. Akachukua mfuko wa kitambaa, akatia ufunguo, kijiko na sarafu ya shilingi mia mbili. Nuru alitumbukiza mkono wa kulia: "Ufunguo!" Hakusita hata kidogo. Tukamsaidia kufumbua wa kushoto, tukamwekea ufunguo uleule. Vidole viliusogeza kidogo, vikatulia. Alitazama dari. "Kitu," akasema. Jambo hilo lilishaandikwa mwaka 1954. Mbona fasili ya maradhi haya iliyotolewa mwaka 1964, iliyotumika kwa miongo, ilitaja mwendo na mkao pekee?

Hisi ziliingia kwenye fasili baada ya mkutano wa Bethesda, Maryland, mwaka 2004, na maneno yake yakachapishwa mwaka 2007. Nilidhani nimefika: fasili imepanuka, tiba ikafuata. Tarehe zikanikatalia, maana bembea ilikuwa imekwisha kutundikwa kwa watoto hawa kabla ya hapo. Ninachokisia, na ni kisio tu, ni njia ya kawaida mno. Mtaalamu ni yuleyule na chumba ni kilekile. Asubuhi anaingia mtoto anayepata taabu kusoma, mchana anaingia aliyepooza, na bembea iko palepale. Nani angeishusha?

Kisha mwaka 2013 watafiti wa Australia walipitia tiba 64 za mtindio wa ubongo, wakazipanga kama taa za barabarani. Kuunganisha hisi kukapewa nyekundu. Nilijaribu kuitetea, nakiri. Nilijiambia kwamba kipimo cha kuhakiki kama tiba imetolewa jinsi mwanzilishi alivyokusudia kilitoka mwaka 2011 tu, na kabla yake hata kumsugua mtoto kwa brashi kuliweza kupewa jina hilo. Huenda basi kilichoanguka mtihani siyo tiba yenyewe. Ila hoja hii ni panga la makali mawili: kama waliopimwa hawakupata tiba halisi, waliomo vyumbani wanapata ipi?

Nilimsomea mtaalamu yote haya. Alinyamaza kitambo. "Kwa hiyo niishushe?" Sikuwa na ujasiri wa kumjibu ndiyo. Nilimwambia orodha ileile iliipa kijani njia ya kumzoeza mtoto tendo lenyewe analolitaka, na ile ya kuuzuia mkono mzima kwa muda ili mkono dhaifu ufanye kazi. Akamgeukia mtoto. "Nuru, wewe unataka uweze nini?"

"Kunywa uji mwenyewe. Na huu." Akaunyanyua wa kushoto.

Siku hiyo alibembea dakika kumi, si nusu saa. Mama Nuru akauzungushia kanga mkono wa kulia, taratibu, akafunga fundo kiunoni. Kikombe cha plastiki chenye masikio mawili kikawekwa mbele yake, uji robo tu. Ngumi ilichukua muda kufumbuka. Vidole vikapita sikio la kikombe bila kulijua, vikarudi, vikalipata alipoinamisha macho kulitazama. Uji mwingi uliishia kwenye gauni. Nuru alilamba uliobaki mdomoni, akaigeukia kamba iliyokuwa bado inayumba. "Mama, na bembea je?"